Wiki ya mizani: Mtwara, Newala, Masasi mpaka Lindi na familia nzima

Mwezi wa tisa kwa fundi mizani huku kwetu ndo mwezi wenyewe. Msimu wa korosho unafunguliwa mwezi wa kumi, maghala ya vyama vya msingi yanaanza kufagiliwa, na kila katibu wa AMCOS, yani hivyo vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, anakumbuka ile mizani aliyoifunika turubai toka msimu uliopita, hajui kama itawaka. Basi simu zinaanza. Kazi yetu ni kwenda kuifungua, kuisafisha, kubadilisha kilichokufa na kuiweka sawa kabla watu wa Wakala wa Vipimo hawajaja kuihakiki na kuigonga stempu, maana bila stempu hiyo haitakiwi kupima korosho ya mtu yeyote.

Miaka yote safari hii naondoka peke yangu, nikirudi mtoto ananikagua usoni kwanza ndo anakuja. Mwaka huu mama watoto, ambae ni mwalimu wa shule ya msingi, likizo yake fupi imeangukia wiki ileile, nikamwambia bosi naomba niende na familia, mafuta ya mizunguko isiyo ya kazi najaza mwenyewe. Akakubali. Naandika haya kwa vijana wenzangu wenye familia changa na kazi za barabarani, yani inawezekana kabisa, na Kusini hii tuliyozaliwa ina mengi ya kumuonyesha mtoto kabla hujamuwazia Dar.

Tuko mimi, mama watoto, binti wa miaka mitano na dogo wa miezi tisa. Gari ni Noah ya ofisi, viti vya nyuma kabisa tumevikunja, hapo yamekaa mawe ya kupimia, ya kilo 20 na yale madogo ya kilo 1, boksi la vifaa, pasi ya solda, betri za akiba, chandarua, begi la nguo za watoto na jiko dogo la gesi la kuchemshia uji.

Jumapili, Mtwara kwenda Tandahimba

Tumetoka Chikongola saa mbili asubuhi. Mama watoto toka alfajiri kashapika chapati na kuchemsha mayai, kwa sababu ukiwa na watoto wadogo ukisema utakula njiani utasimama kila kijiji.

Hatujafika hata mbali, Naliendele hapo, nikapaki pembeni. Naliendele ndo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kazi yake kubwa ni korosho, mbegu bora zinazopandwa sa hizi mikoa mingi zimetoka pale. Nilitaka binti aushike mkorosho kwa mkono wake, sio kuuona unapita dirishani. Na mwezi wa tisa mkorosho una kila kitu kwa pamoja, tawi moja bado lina maua, jingine lina korosho changa za kijani, jingine bibo limeshaiva jekundu na korosho yake inaning'inia chini. Akaniuliza, "Baba mbona mbegu iko nje?" Nikamwambia korosho ndo tunda lenyewe, hilo bibo ni kikonyo kimevimba kikawa na maji matamu. Akang'ata, maji yakamwagika mpaka kwenye gauni, na mtu wa Mtwara anajua doa la bibo halitoki, mama yake akaniangalia tu. Nikamsimulia pia kwamba mti huu sio wa kwetu asili, Wareno ndo waliuleta pwani hii kutoka Brazil karne ya 16, akashangaa sana maana yeye alijua umeanzia kwa bibi yake Nanguruwe.

Kutoka Mtwara mpaka Mnivata ni lami safi, kilomita 50. Baada ya hapo unaingia kwenye ujenzi, zile kilomita 160 zinazobaki mpaka Masasi kupitia Tandahimba na Newala, kwahiyo diversheni, vumbi jekundu, malori ya kokoto, unaenda unasimama. Silalamiki hata kidogo. Barabara hii tumeililia tokea wazazi wetu, masika ilikuwa lori la korosho linalala njiani na mgonjwa analala njiani. Kila nilipomuona kijana wa kibendera kijani anaturuhusu nilimpungia mkono kwa moyo mweupe.

Tandahimba tumefika mchana. Gesti ni safi, ila neti ya chumba ilikuwa na matundu, tukafunga ya kwetu. Ukisafiri na mtoto mdogo Kusini usitoke bila chandarua chako, hilo halina mjadala.

Jumatatu, Tandahimba

Siku ya kazi hasa. Ghala la kwanza liko kijijini kidogo nje ya mji. Jina la chama silitaji, haina haja, walinipokea vizuri sana na mwenyekiti mwenyewe alikuja na baiskeli.

Hapa nataka nieleze kidogo maana watu wengi wanaiona mizani wanaiogopa au wanaisingizia bila kujua inavyofanya kazi. Hii ilikuwa mizani ya jukwaa, ya kidijitali, mzigo wa mwisho kilo 300. Nikaiwasha, ikawaka. Nikaweka jiwe la kilo 20 katikati, ikasoma 20.0. Mwenyekiti akapumua akasema "basi fundi, iko sawa." Nikamwambia bado mzee wangu. Fundi aliyenilea kwenye kazi hii alikuwa anasema katikati hapasemi kitu, nenda pembeni. Nikasogeza jiwe pembe ya kwanza, 20.0. Ya pili, 20.1. Ya tatu, 20.0. Ya nne, pale karibu na mlango, 19.6.

Chini ya jukwaa kuna seli nne za uzito, yani vipande vinavyohisi mzigo, kila pembe moja, zote zinakutana kwenye kiboksi kimoja kinachopeleka jibu kwenye kioo. Nilivyofungua nikakuta upande ule wa mlango pameshindiliwa mchanganyiko wa vumbi la salfa na maganda ya korosho, pameganda kama sementi kati ya jukwaa na fremu. Msimu ukiisha ghala hilohilo linahifadhi salfa ya kupulizia mikorosho, inadondoka, inashika unyevu, inaganda na inaanza kula chuma. Sasa uzito wa upande ule nusu unabebwa na seli, nusu unabebwa na fremu, na fremu haijui kuhesabu. Nikakwangua, nikapiga brashi, nikafungua kiboksi nikarekebisha, nikarudia pembe zote mpaka zikakubaliana.

Piga hesabu na wewe. Gramu 400 kwenye kilo 20 ni kilo 2 kwenye kila 100. Gunia la kilo 80 likiegemea pembe ile linampotezea mkulima kilo moja na nusu na zaidi kidogo, karibu 1.6. Korosho ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 4,800 kwa gunia, mwenye magunia 20 anaacha pale 96,000, ambayo ni sare na madaftari ya watoto wawili. Na hakuna aliyemuibia, katibu hajui, karani hajui. Ndo maana kazi hii naiheshimu, na ndo maana nilitaka mwanangu aione.

Binti alikuwa msaidizi wangu kweli, anabeba lile jiwe la kilo 1 kwa mikono miwili, anaweka, anasoma namba kwa sauti. Anajua namba za kichwani mpaka 50, ile nukta ndo ilimsumbua. Tulivyomaliza akapanda mwenyewe jukwaani, 17.4. Akashuka akampandisha mdogo wake kwa msaada wa mama yake, 8.3, mama watoto akasema sawasawa na kadi ya kliniki. Hapo watoto wa kijiji wakajaa, kila mmoja anataka kupimwa, wakapanga foleni wenyewe. Kisha akaja bibi mmoja na kanga zake mbili na ndoo kichwani, akaishusha, akasema "mjukuu nipime na mimi, toka kliniki ya mwanangu wa mwisho sijapimwa." Akasoma kilo 46. Akaguna, akacheka, akasema ni njaa ya kabla ya msimu hiyo, uje mwezi wa kumi na mbili unipime tena.

Mlinzi wa ghala, mzee wa umri mkubwa, alikaa na sisi chini ya mwembe mama watoto akimlisha dogo uji. Nikamwamkia, "Shikamoo babu", "Marahaba mjukuu wangu", tukaongea. Yeye kaona yote, enzi za wanunuzi binafsi wanaokuja na bei zao, enzi za kangomba, yani mtu anakufata nyumbani mwezi wa nane una njaa, anakupimia korosho kwa bakuli ikiwa bado mtini, anakupa hela ya unga, msimu ukifika korosho yote yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyoanza 2007 anasema mwanzoni hawakuuamini, unapeleka korosho unapewa karatasi unasubiri mnada, ila kidogokidogo wakaona bei ya mnada na bei ya bakuli sio ndugu. Akakumbuka pia 2018, wakulima wamegoma bei za wanunuzi, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba. "Siku hiyo," anasema, "mwanajeshi alinisaidia mimi kushusha gunia." Kangomba haijaisha, alinipa ukweli huo, njaa ikiwepo nayo ipo.

Mchana tumekula ugali wa muhogo kwa samaki ng'onda wa nazi kwa mama mmoja jirani na ghala, dogo akaonja mchuzi akataka tena.

Jioni ghala lingine, hilo halikuwa na shida, betri tu.

Jumanne, Newala

Kutoka Tandahimba kwenda Newala uko juu ya uwanda wa Makonde muda wote, mikorosho kulia na kushoto, nyumba za tofali na kila nyumba yenye uwezo ina tangi la maji ya mvua limechimbwa ardhini uani, limesakafiwa na kufunikwa. Huku juu hakuna mto wala kisima cha karibu, udongo unameza mvua yote inaenda kutokea mabondeni. Zamani wanawake walikuwa wanashuka bondeni usiku wa manane kutafuta maji na kupanda na ndoo mlima. Baadae ukaja mradi wa maji Makonde unaosukuma maji kutoka Mitema kule chini, umesaidia sana ingawa mgao upo. Mama watoto yeye amekulia Nachingwea kwenye visima, alivyomuona mwenye gesti anafungua tangi kwa ufunguo wa kufuli alielewa maji huku ni mali. Akamuogesha dogo kwa beseni, na maji yale yale akafulia nepi.

Kazi nimemaliza mapema, maghala mawili, moja kioo kimekufa nikabadilisha, lingine sawa. Saa kumi jioni tukaenda Shimo la Mungu.

Sijui nielezeje. Unatembea kidogo tu kutoka mjini, uwanda unaisha ghafla, ardhi inaporomoka chini mamia ya mita, mbele yako bonde zima la Ruvuma limetandazwa, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Upepo ni mkali na baridi, Newala jioni ni ya sweta hata kama mchana ulikuwa unatoka jasho. Nilimshika binti mkono kwa nguvu, dogo mgongoni kwa mama yake kafungwa kanga. Nikamuonyesha upande ule wa mto nikamwambia babu yake mzaa babu alitoka kule, alivuka kwa mtumbwi na kaka zake, na sisi Wamakonde tuko pande zote mbili za maji, mpaka umechorwa juu yetu. Akauliza kwanini alivuka. Nikamwambia kodi na kazi za lazima za Mreno zilikuwa kali mno. Mreno huyohuyo mwaka 1916, vita kuu ya kwanza, alivuka mpaka Newala hii akaiteka boma ya Mjerumani, hakukaa sana, Mjerumani akamtimua akarudi ng'ambo. Wazungu wanagombana na mashamba ni ya babu zetu.

Mama watoto alikaa kimya muda mrefu anaangalia bonde halafu akasema, "Baba watoto, kumbe kila mwaka unakuja sehemu kama hizi mwenyewe." Nilimjibu kweli tupu, kila mwaka nafika Newala, Shimo la Mungu sijawahi kuja, namaliza kazi nalala.

Jumatano, kwenda Masasi

Safari ya kushuka uwanda ni ya kona na vumbi, dogo kalia karibu njia nzima, tukadhani ni joto na mtikisiko. Masasi ukiikaribia unaona yale majabali makubwa yamesimama peke yake katikati ya tambarare. Tunafikia kwa mama mdogo wa mama watoto, yeye kaolewa hapa miaka mingi, ana genge na anafuga kuku.

Nikawaacha nikaenda kazini. Saa tisa simu, dogo anachemka. Nikafunga boksi nikamwambia katibu nitarudi kesho, akasema nenda mwanangu mtoto kwanza.

Joto la mwili 38.9. Kwa mtoto wa miezi tisa ukanda huu wetu homa haisubiri asubuhi, huu ni mkoa wa malaria. Mama mdogo alitaka kumkanda kwa maji ya majani, tukamkubalia kumkanda kwa maji ya uvuguvugu tu, halafu moja kwa moja zahanati. Wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka, robo saa jibu hasi. Mganga akamwangalia masikio, koo, kifua, akapitisha kidole kwenye fizi, meno mawili ya juu yanatoka na mafua kidogo. Akampa sirapu ya paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, akauliza ana kilo ngapi, binti yetu akadakia kabla yetu, "nane nukta tatu!" Mganga akaandika. Nilijisikia fahari nisiyoweza kuieleza.

Akatuambia homa ikiendelea mpaka kesho jioni, au akikataa kunyonya, tumrudishe apimwe tena, maana kipimo cha kwanza kikiwa hasi hakikupi ruhusa ya kulala usingizi. Usiku tulipokezana, mimi mpaka saa nane, yeye mpaka asubuhi. Mama mdogo nae hakulala, kila saa anakuja mlangoni "vipi mjukuu?"

Alhamisi, Masasi

Asubuhi homa imeshuka, dogo kanyonya vizuri na kumvuta babu yake ndevu. Alhamdulillah. Tukaamua kutosogea siku hiyo, nikamalizia kazi ya jana na maghala mengine ya jirani nikiwa na amani.

Mchana mama mdogo alimchukua binti sokoni, wakarudi na ming'oko imechemshwa na chumvi, ile mizizi ya porini tunayoimenya na kuila ya moto, binti alikula mpaka nikaogopa tumbo. Jioni tukaenda kwa miguu mpaka chini ya jabali. Nikamwambia Masasi ilianza kukua kama mji wa watu walioachwa huru, mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Waingereza kutoka Zanzibar alikuja na kundi la watumwa waliokombolewa, walikuwa wanarudi makwao huko Nyasa, wakachoka, wakapapenda hapa wakakaa. Ndo huyohuyo Steere aliyeandika vitabu vya Kiswahili. Mama watoto mwalimu, hapo akapokea darasa akaendelea na habari za utumwa kwa maneno ya kumfaa mtoto wa miaka mitano, mimi ningeshindwa.

Usiku mama mdogo akatusimulia habari za kwenda Dar enzi hizo, masika ukifika Rufiji mnasubiri kivuko siku na siku, chakula kinaisha, watu wanapika kandokando ya basi. Toka daraja la Mkapa lifunguliwe 2003 anasema hajawahi kulala Rufiji tena. Na huyo Mkapa mwenyewe ni mtoto wa huku, kijijini Lupaso wilaya hiihii ya Masasi alizaliwa na huko huko alizikwa Julai 2020, mama mdogo alikwenda mazikoni kwa lori.

Ijumaa, Ndanda mpaka Lindi

Ndanda tulisimama kwa ajili ya maji, pale chini ya uwanda chemchemi ni nyingi na abasia ya Wabenediktini ipo toka 1906, hospitali yao imetibu vizazi vya Kusini. Kulikuwa na mizani moja ndogo ya jikoni ya kurekebisha kwa rafiki yangu. Nikaswali Ijumaa njiani, tukaendelea mpaka Mnazi Mmoja, hapo njia panda, kulia Mtwara, kushoto Lindi. Binti akataka tushike njia ya kulia, ya nyumbani, tukamwambia bado kuna samaki wa Lindi.

Lindi tumeingia jua limepungua makali. Barabara ya lami unashuka, bahari inafunguka mbele yako ghafla. Watoto waliona maji ya chumvi kwa mara ya kwanza toka tuondoke Mtwara wakafurahi kana kwamba hawakai pwani.

Jioni ufukweni, mihogo ya kukaanga na pweza na pilipili ya ndimu. Hapo ndo nikamsimulia binti habari ya mjusi mkubwa. Kaskazini magharibi ya Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi wa kale, na waliochimba kwa mikono ni watu wa huku, mamia yao, msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari hii ya Lindi, ikapakiwa meli. Leo yule mkubwa kasimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kwenda juu kinazidi mita 13.

Binti aliacha kula. "Walimbeba kichwani?" Ndio, vipande vipande. "Mbona hawakumrudisha?" Mezani palikuwa na kijana muuza pweza anasikiliza, akasema na mimi hilo ndo swali langu. Wabunge wa kwetu wameshaliuliza bungeni, majibu yamekuwa kwamba kumhamisha ni gharama na utaalamu mkubwa. Mimi msimamo wangu ni huu, hata kama yule wa Berlin hawezi kusafiri, mtoto wa Lindi anastahili kuona nakala ya ukubwa uleule hapahapa mjini kwake, na majina ya wachimbaji na wapagazi yaandikwe chini yake kwa herufi kubwa. Babu zao ndo walioibeba. Mtoto asome hilo shuleni Lindi kabla hajalisikia kwa mtalii.

Jumamosi, Lindi

Asubuhi kazi ya mwisho, mizani ya ghala kubwa, saa tatu mpaka saa sita, ilikuwa na seli mbili zimechoka, hizo tunaagiza, nimeandika ripoti. Mchana tumevuka kwa kivuko kwenda Kitunda ng'ambo ya ghuba. Safari fupi, upepo mzuri, binti alisimama na mama yake mbele anaangalia wavuvi wanatengeneza nyavu. Kitunda tumetembea kwenye minazi, tumenunua madafu, dogo kalala mkekani masaa mawili bila homa, na mimi na mama watoto tukakaa tukaongea mambo yetu ya nyumba, ada, kiwanja, mama yangu anayetaka kuja kukaa na sisi, mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi kwa sababu kila mtu anarudi kachoka. Tumeamua mengi pale chini ya mnazi. Kwangu mimi hayo masaa mawili yamelipa mafuta yote.

Jumapili, kurudi Mtwara

Lindi mpaka Mtwara ni kama kilomita 100 na kitu, lami, hatukuwa na haraka. Tulisimama Mikindani. Boma la Wajerumani la 1895 limekarabatiwa limekuwa hoteli, tukaomba tukaruhusiwa kupanda mpaka juu, ghuba yote unaiona imejikunja chini yako na majahazi. Ndo bandari aliyoshukia Livingstone 1866 kuanza safari yake ya mwisho bara. Binti hakumjali Livingstone, alitaka kujua boma lina uzito gani.

Nyumbani tumefika saa nane. Nimeshusha mawe, nimeyafuta vumbi moja moja na kuyapaka mafuta kidogo yasishike kutu, yakirudi ofisini lazima yarudi na uzito uleule. Mama watoto kashafua, kesho shule inafunguliwa. Bosi kanipigia jioni, wiki ijayo Ruangwa na Nachingwea, hiyo naenda peke yangu. Desemba shule zikifungwa tumeshakubaliana ni Kilwa, tuvuke mpaka Kisiwani kwenye magofu, na mama mdogo wa Masasi ameshaomba siti yake.